Mgonjwa Aliyebaki Kariakoo: Kumtafuta Mtu wa Embu Aliyekufa Vitani

Kwetu Pwani mtu akifa, hata awe fukara wa mwisho, jina lake halikosi kutajwa. Litatajwa msikitini baada ya sala, litatajwa makaburini na katika hitma, na wajukuu wataambiwa: babu yenu ni fulani bin fulani, na baba yake ni fulani. Nasaba kwetu ni mali. Mtu aweza kukosa shamba na nyumba, lakini asikose kumjua babu wa babu yake.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, lipo jambo linalopasa kutusumbua. Katika ardhi hii hii ya Pwani, kuanzia Mombasa hata Dar es Salaam, Kilwa na Lindi, wamelala maelfu ya watu ambao hawakusomewa chochote wala hawakutajwa kwa majina. Hawakuwa wenyeji wetu. Walitoka bara, na wengi wao walikuwa vijana wa miteremko ya Mlima Kenya, wa Meru na Embu. Waliletwa kubeba mizigo ya vita vya watu wengine, wakaugua, wakalazwa, wakafa. Jina lao la jumla tunalo mpaka leo midomoni mwetu kila siku, ijapokuwa wengi hawajui asili yake: Kariakoo.

Neno hilo ni Kiingereza kilichotiwa ulimi wa Kiswahili. Jeshi la wapagazi la Waingereza liliitwa Carrier Corps, nasi tukalifanya Kariakoo. Soko kubwa la Dar es Salaam na mtaa unaolizunguka umechukua jina hilo kwa sababu hapo palikuwa na kambi ya wapagazi. Nairobi nako kuna Kariokor yake, kwa sababu hiyo hiyo. Tunanunua nyanya na kanga juu ya kambi ya watu waliokufa, na hatuulizi.

Mimi niliuliza kwa sababu niliombwa. Ukoo mmoja wa upande wa Embu ulitaka kujua habari za kijana wao aliyechukuliwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaugua, akaachwa hospitalini Pwani, asirudi tena. Walidhani kwamba mtu wa Pwani huenda akajua njia. Nikafunga safari kwenda kwao, kisha nikaendelea mpaka Meru. Niliyoyapata huko ndiyo ninayotaka kuwaeleza, kwani yatawafaa watu wengi zaidi ya ukoo ule mmoja.

WALIVYOCHUKULIWA

Kwanza tukumbushane vita vyenyewe. Vilianza Agosti 1914, na katika Afrika ya Mashariki Mwingereza alipigana na Mjerumani aliyetawala Tanganyika. Kiongozi wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwazungusha Waingereza miaka minne, akasalimu amri huko Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Nchi ile haikuwa na barabara za magari. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Ikabaki miguu ya binadamu. Kila sanduku la risasi, kila gunia la unga, kila machela ya majeruhi ilichukuliwa kichwani au begani na mtu mweusi. Mkuu wa idara ya wapagazi alikuwa Oscar Ferris Watkins, bwana shauri aliyejua Kiswahili.

Mwanzoni palikuwa na waliokwenda kwa kutaka mshahara. Lakini habari za vifo zilipofika vijijini, hiari ilikwisha. Mnamo Machi 1917, John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya watu kwa nguvu katika nchi nzima. Mabwana shauri waliwapa machifu idadi, machifu wakawapa wazee wa vijiji, na wazee wakatoa vijana. Katika miezi michache hiyo walichukuliwa watu wapatao 120,000. Mshahara wa mpagazi ulikuwa kama rupia 5 au 6 kwa mwezi.

Meru na Embu zilikuwa bado mpya katika utawala. Embu ilitiwa mkononi kwa vita mwaka 1906, na kituo cha Meru kilianzishwa mwaka 1908. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka ishirini aliyechukuliwa mwaka 1917 alizaliwa kabla ya Mzungu yeyote kukaa kwao. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha ubatizo. Hakuwa na karatasi yoyote duniani.

ALIYOYAHIFADHI MZEE

Mzee niliyepelekwa kwake ana umri unaopita miaka 80. Anaishi ng'ambo ya Runyenjes, katikati ya migomba na mibuni, mahali pa baridi ambapo mtu wa Pwani hulala na mablanketi mawili. Nilimwamkia "Shikamoo, mzee," akaitikia "Marahaba, mwanangu," kwa Kiswahili safi alichojifunza, kama alivyoniambia, katika kazi ya reli.

Baba yake mzee huyu ndiye aliyekuwa mdogo wake mpagazi. Kwa hiyo habari aliyo nayo si ya mbali. Imetoka kwa ndugu, ikafika kwa mwana, ikafika kwangu. Kwa kanuni ya wapokezi wa habari, huo ni mnyororo mfupi na pete zake zajulikana.

Alinieleza mambo matano tu. La kwanza, kaka wa baba yake alichukuliwa wakati wa mvua ndefu, watu wakiwa mashambani wanapanda. La pili, hakuwa ameoa. La tatu, alikwenda kwa miguu mpaka kwenye gari moshi, kisha akavuka "maji yasiyo na ng'ambo." La nne, mtu wa rika lake alirudi nyumbani akasema: "Tumemwacha hospitalini Dar es Salaam, tumbo linamwaga damu." La tano, aliyeleta habari hiyo alirudi kabla ya mafua makubwa kuingia nchini.

Nikamwuliza, "Na jina lake, mzee?"

Akajigonga kifua kwa kidole. "Jina lake ni hili langu. Mimi ndiye yeye."

Msomaji asidhani kuwa huo ni mzaha. Kwa desturi ya Waembu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, kisha majina hufuata kwa ndugu za baba na za mama. Mzee huyu ni mtoto wa tatu wa kiume. Baba yake alimpa jina la kaka yake aliyebaki Pwani, ili aliyekufa bila mke wala mtoto asipotee katika ukoo. Jina hilo silichapi hapa. Wenyewe wameamua kulitangaza kwanza mbele ya ukoo, na haki hiyo ni yao.

KUPIMA HABARI

Sasa tazama jinsi maneno matano ya mzee yanavyofunguka yakiwekwa kando ya tarehe zinazojulikana.

Mwanzoni mwa vita mapigano yalikuwa upande wa Taita na Taveta, na wagonjwa walirudishwa Voi kwa reli. Mtu wa wakati huo hakuwa na haja ya kuvuka bahari. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na tangu hapo ndipo watu na mizigo wakapelekwa kwa meli kutoka Kilindini mpaka Dar es Salaam, Kilwa na Lindi. Kijana wetu alivuka maji, akalazwa Dar es Salaam. Basi hakufa kabla ya Septemba 1916.

Alichukuliwa wakati wa mvua ndefu, yaani kati ya Machi na Mei. Mkusanyo mkubwa wa Ainsworth ulianza Machi 1917. Mambo hayo mawili yanakutana barabara. Na mafua makubwa yaliyoua watu dunia nzima yaliingia Kenya mwishoni mwa 1918. Kwa hiyo kijana huyu aliondoka Embu katika mvua za 1917, na aliachwa kitandani kati ya katikati ya mwaka huo na miezi ya mwisho ya 1918.

Hayo yote hayakutoka katika daftari lolote la serikali. Yametoka katika kichwa cha mzee asiyejua kusoma, ambaye hakutaja mwaka hata mmoja. Alitaja mvua, reli, bahari, ugonjwa na mafua, na kila kimoja kikawa ushahidi.

NDANI YA HOSPITALI

Ni nini kilichomlaza kijana wa miaka ishirini, mwenye nguvu za kubeba mzigo mchana kutwa?

Watu wa Embu na Meru wanakaa juu, mita zaidi ya elfu moja kutoka usawa wa bahari. Chakula chao kilikuwa wimbi, mtama, mawele, maharage, viazi vikuu na ndizi. Jeshini walipewa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, chenga tupu. Unga wa namna hiyo wataka moto mwingi na muda mrefu. Mpagazi aliyefika kambini jua limezama, kuni zimelowa na sufuria hazitoshi, aliula mbichi. Tumbo likachubuka, na maradhi ya kuhara damu yakapata mlango. Ndiyo yaliyoua wapagazi wengi kuliko risasi zote za Mjerumani.

Malaria ikafuata, kwani watu wa juu hawakuizoea kama sisi tuliolelewa nayo. Na waliolala mvuani bila blanketi la kutosha walishikwa na kichomi.

Serikali yenyewe ilijua. Daktari mkuu wa jeshi, Jenerali Pike, alitumwa kukagua mambo ya tiba katika vita hivi, na ripoti yake ya mwaka 1918 ilieleza upungufu mkubwa wa madaktari, wa vyakula na wa uangalizi wa wapagazi. Ripoti ilipokamilika, waliokuwa wa kuokolewa walikuwa wamekwisha zikwa.

Hesabu rasmi ya wapagazi na watumishi waliokufa upande wa Waingereza inapita 40,000. Wanahistoria wengi huona kuwa hesabu ya kweli inakaribia 100,000, kwa sababu waliotoroka wakafia porini, na waliorudishwa makwao wakiwa mahututi, hawakuhesabiwa.

KARATASI ZINASEMA NINI

Mtu wa Uingereza akitaka kumjua babu yake aliyelazwa katika vita hivyo, ana njia nyingi. Yapo baadhi ya madaftari ya hospitali yaliyohifadhiwa, yenye jina la mgonjwa, namba yake, kikosi chake, ugonjwa na siku ya kuingia na kutoka. Iko kadi ya nishani. Liko bamba la shaba walilopewa warithi, lenye jina la marehemu. Kuna kaburi lenye jiwe, au ukuta wenye jina. Kuna kitabu cha kanisa kijijini kwao. Akiwa na subira ya wiki moja aweza kuyaunganisha maisha yote ya mtu.

Mpagazi wa Embu alipewa namba na kidude cha bati chenye namba hiyo. Namba ilitosha kwa chakula na mshahara. Alipokufa, bati likatolewa, na namba ikafutwa.

Nyaraka za Taifa ziko Nairobi, katika jumba la zamani la benki kule Moi Avenue. Huko zimo ripoti za kila mwaka za wilaya, na mafaili ya Embu yana alama ya DC/EBU, ya Meru DC/MRU. Ni hazina kubwa. Lakini bwana shauri alikuwa akimwandikia mkubwa wake, si wajukuu wa raia. Aliandika wangapi wametolewa, kodi imeingia kiasi gani, mvua imekuwaje. Mtafutaji apate kule mwaka, njia na chifu wa mahali. Jina la mtu mmoja asilitarajie sana.

Tena ajihadhari na mipaka. Neno "Embu" katika karatasi za wakati ule lilikusanya watu wengi kuliko leo. Ndia na Gichugu, ambazo sasa ni Kirinyaga, zilikuwa chini ya Embu. Wambeere pia. Na "Meru" ya kale ilikuwa pana kuliko kaunti inayoitwa hivyo leo. Mtu aweza kuandikwa Mwembu na asiwe Mwembu.

Kuna karatasi nyingine yenye uchungu zaidi, nayo ni ya mishahara. Mpagazi alipokufa, fedha alizokuwa akidai zilitakiwa kwenda kwa warithi wake. Wilaya zilitafuta warithi, na wengi hawakupatikana, kwani jina lilikuwa limekosewa au kijiji hakikuandikwa. Fedha zikarundikana. Watkins, aliyewaongoza wapagazi, alipigania miaka mingi fedha hizo zitumiwe kwa faida ya watu waliotoa wale vijana. Hakufaulu. Kwa hiyo kukosea jina hakukuwa kosa la kalamu tu. Mama wa Embu alipoteza mtoto, kisha akapoteza rupia za mtoto, kwa sababu karani hakujua kuandika alilomwita.

Baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920, ilitekelezwa sheria ya 1915 ya kipande, na kila mwanamume akavikwa shingoni kikebe chenye karatasi ya jina na alama za vidole. Serikali iliyoshindwa kuwataja waliokufa ilihakikisha kwamba walio hai hawatapotea tena kazini.

MAJENGO YA MERU

Kutoka Embu nilipanda gari la kwenda Meru, njia inayouzunguka mlima kwa upande wa mashariki, kupitia Chuka na Nkubu. Meru kuna mtaa uitwao Majengo, ambako Waislamu wa mwanzo wa mji huo walikaa, na baadhi ya wazee wake wana asili ya Pwani. Nilikaribishwa baada ya sala ya alasiri, tukanywa kahawa, nikaeleza shida yangu.

Mzee mmoja akanipa jambo ambalo wanaotafuta watu wao hulisahau. Alisema, "Sheikh, wewe unatafuta jina la Kimeru. Je, kama alipofika kambini aliitwa Juma?"

Na kweli hiyo. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili, na wanyapara wengi walikuwa Waswahili au Waislamu wa makabila mengine. Kijana aliyefika na jina lisilotamkika kwa karani alipewa lililo rahisi: Juma, Hamisi, Mabruki, Ramadhani. Wengine walisilimu hasa, wakalipokea jina pamoja na dini. Majina ya Kimeru yanayoanza na M yenye kituo mbele ya irabu yalimshinda mwandishi aliyesomea Kiingereza, na sauti za Kiembu hazina herufi zake katika kalamu ya kigeni. Na hata lilipoandikwa sawasawa, jina moja peke yake halitoshi. Njeru wa Embu ni wengi kama Ali wa Mombasa.

Hapo ndipo rika linaposaidia. Wameru huliita nthuki. Kila mwanamume hutahiriwa na wenzake, na kundi hilo hupata jina lake na hulibeba mpaka kaburini. Ukimjua mtu ni wa rika gani, umeujua umri wake kwa tofauti ya miaka michache. Ukijua na ukoo wake, umejua upande wa nchi aliotoka. Jina la baba, rika na ukoo: mambo matatu hayo yana nguvu kuliko namba ya bati.

Nami nikawaza jambo la sisi wenyewe. Yamkini katika familia zetu za Mombasa, Kilwa na Dar es Salaam kuna mzee aliyeitwa Juma wa Kariakoo au Hamisi Mmeru, aliyepona hospitalini asirudi kwao, akaoa na kuzaa Pwani. Wajukuu wake wanajua tu kwamba babu alikuja na vita. Nao pia wana nusu ya habari, na nusu nyingine iko mlimani.

SANAMU NA AHADI YAKE

Wengi wetu tumepita mbele ya sanamu za askari pale Mombasa, Barabara ya Jomo Kenyatta. Nairobi ziko nyingine, na Dar es Salaam moja. Ziliwekwa mwaka 1927 na 1928. Ile ya Nairobi ina watu watatu: askari wa King's African Rifles, mpagazi, na Mwarabu mwenye bunduki. Huyo wa tatu atukumbushe kikosi cha Waarabu wa Pwani kilichoongozwa na Arthur Wavell, Mwingereza aliyekwisha kwenda Makka kwa kujificha. Wavell aliuawa Mwele, bara ya Kwale, Januari 1916, pamoja na watu wake kadhaa.

Chini ya sanamu kuna maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi, na kuahidi kwamba mtu akifa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Aliyetunga maneno hayo ni Rudyard Kipling, mshairi mashuhuri wa Uingereza.

Kipling mwenyewe alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, John, aliyepotea vitani huko Loos, Ufaransa, Septemba 1915. Baba alimtafuta miaka na miaka. Aliuliza hospitalini, aliwahoji askari waliorudi, kama vile ndugu wa Embu alivyomhoji mtu wa rika lililorudi. Kipling alikufa mwaka 1936 bila kulijua kaburi la mwanawe. Lakini jina la John lilichongwa ukutani, na mwaka 1992 jiwe moja la askari asiyejulikana likaandikwa jina lake.

Sanamu zetu hazina jina hata moja la mpagazi. Ahadi imechongwa, majina hayakuchongwa.

Na hilo halikutokea kwa kusahau. Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917 kwa shabaha ya kuwaheshimu wafu wote sawasawa, iliamua kuwa wapagazi wa Afrika watakumbukwa kwa pamoja, bila majina. Gavana wa Tanganyika wa miaka ile alipendelea makaburi yao yaachwe yarudi msitu upesi. Yakarudi.

Karibu miaka mia ikapita. Mwaka 2019 David Lammy, mbunge wa Uingereza, alionyesha katika filamu ya televisheni jinsi wapagazi wa Kiafrika walivyotengwa, na Voi ni mahali pamoja alipofika. Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti, ikaomba radhi. Ripoti ilisema kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo kazi ya kutafuta majina imeanza, katika nyaraka na katika jamii.

Hapa ndipo penye jambo la kuamua, wala haliko London. Tume ikitafuta katika makaratasi itapata yaliyomo katika makaratasi. Yasiyomo yako Runyenjes, Chuka, Nkubu na Mbeere, katika vichwa vya wazee wa miaka 80 na 90. Hao ndio watu wa mwisho walioambiwa habari na mtu aliyemwona mpagazi kwa macho. Wakizikwa, pete ya mnyororo imekatika, na hakuna ripoti itakayoiunga. Watkins aliandikiwa kitabu cha maisha yake na binti yake, kikatoka mwaka 1995. Wapagazi wake nao wana wajukuu.

LA KUFANYA

Kule Embu tuliketi na wajukuu wa mzee, mmoja akiwa mwalimu wa shule ya msingi, tukaandika katika daftari la kawaida. Jina la marehemu, jina la baba yake, ukoo, rika, chifu wa wakati ule, njia aliyopita, ugonjwa, mahali alipoachwa, jina la aliyeleta habari, na jina la aliyeisimulia. Penye shaka tuliandika kuwa ni shaka. Mzee akaweka kidole gumba chini. Nakala moja imebaki kwao, nyingine itapelekwa kwa wanaokusanya majina. Kazi yote ilichukua mchana mmoja.

Nawaomba wasomaji wa Pwani wafanye vivyo hivyo kwa upande wetu. Mwenye babu aliyekuja na Kariakoo na aandike aliyosikia. Mwenye kujua mahali palipokuwa na makaburi ya wapagazi, hata kama leo pana kibanda au shamba, na apaonyeshe kabla hajafa. Wale walikuwa wageni wetu, na mgeni akifia kwako, ni juu yako kuwapelekea jamaa zake habari. Nami nimewatungia ubeti mmoja:

Mwenye kaburi li wapi, ndugu waje kusomea?
Na jina lake ni lipi, kwao alilopokea?
Umri wake mfupi, hapo ulipokomea?
Andikeni mkijua, msingoje kusahau.

Ukoo ule wa Embu utakutana baada ya mavuno. Jina la kijana wao litasomwa mbele ya watu wote, pamoja na la baba yake na la rika lake, na mzee aliyelibeba tangu kuzaliwa ameomba kulisoma yeye mwenyewe.